Shangazi, Sipiyu Imenigandia

Safu hii kazi yake ni ndoa, mahari na mawifi. Lakini tangu upepo wa kiangazi uanze kuvuma, barua zinazonifikia kutoka Manyoni hadi Mkalama zinamlalamikia mwenzi wa aina moja: kompyuta ya zamani iliyoko sebuleni, inayowaka vizuri asubuhi na kuganda mbele ya wageni. Mhariri alinishauri wote niwaelekeze kwa mafundi. Nimekataa. Nilisomea uhazili Tabora, nikaanza kazi kwenye taipureta, nikastaafu nikiwa kwenye kompyuta, na miaka yote hiyo nimewaona mafundi wakiingia ofisini na dawa moja tu mfukoni: kupiga window, yaani kuiweka Windows upya. Wiki hii mawifi wasubiri.

*

Shikamoo Shangazi. Nina kompyuta ya mezani, Dell, niliinunua ikiwa imeshatumika. Naiwekea hesabu za mashine yangu ya kukamua alizeti, na imekaa humo humo kwenye banda la mashine. Asubuhi haina neno. Ikifika saa saba mchana mausi inasimama, saa ya kwenye kioo inasimama, hata taa ya Caps Lock nikiibonyeza haibadiliki. Nikiizima ikapumzika, inarudi. Fundi ameshapiga window zaidi ya mara moja, kila mara namlipa, kila mara inaganda tena. Mke wangu anasema ni jirani mwenye mashine kama yetu, katutupia kitu. Nimuendee? N.B. Kuku wetu mmoja siku hizi anatagia nyuma ya hiyo sipiyu, sijui kama inahusiana.
Nimechoka, Mandewa

Marahaba mwanangu. Jirani mwache akamue alizeti yake kwa amani.

Uliposema asubuhi haina neno, ulikuwa umeshajijibu. Ugonjwa unaokuja na jua la saa saba na kuondoka ukipumzishwa ni joto. Kirusi hakijui saa saba. Prosesa ikifanya kazi inachemka, ndiyo maana juu yake kumefungwa kipande cha alumini chenye mapezi membamba, na juu ya mapezi hayo kuna feni. Hewa ikipita katikati ya mapezi, joto linatoka. Mapezi yakizibwa, joto halina pa kwenda. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo zenyewe zisiungue, na hali ikizidi mashine hujizima au kuganda kama yako.

Sasa tazama unakoishi. Upepo wa Singida ni mkali kiasi kwamba wawekezaji wamekuwa wakija kuupima wapate kuuzalishia umeme. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hakuna, ardhi imekauka, na vumbi linaingia hata kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Wewe juu ya vumbi hilo umeongeza makapi ya alizeti na mvuke wa mafuta. Vumbi kavu peke yake hupeperuka. Lililochanganyika na mafuta hugeuka utando unaonata kwenye feni na kwenye mapezi, na hapo feni hata ikizunguka inasukuma hewa isiyofika popote.

Na yule kuku anahusika sana. Nyuma ya sipiyu, karibu na unapochomeka waya wa umeme, ndipo hewa ya moto inapotokea. Kuku amegundua jambo ambalo fundi wako hakuligundua. Mhamishe, na manyoya yake uyatoe, kwa sababu akikaa pale anaziba tundu la kupumulia.

Kusafisha utafanya mwenyewe. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliosalia ndani uishe. Toa boksi kibarazani. Legeza skrubu za nyuma, vuta mfuniko wa ubavuni. Kabla hujagusa chochote cha ndani, shika kwanza chuma cha boksi, maana mwili wako hubeba umeme tuli, hasa msimu huu wa ukavu, na umeme huo unatosha kuua RAM bila wewe kuhisi kitu. Tumia brashi ya rangi iliyo mpya, laini na kavu. Panga za feni zishike kwa kidole zisizunguke wakati unapozipangusa au kuzipuliza kwa bloa. Usiipeleke kwa vijana wa kujaza upepo matairi. Mashine zao hutema maji pamoja na hewa. Wala usipulize kwa mdomo, utatia mate. Bloa ndogo ya umeme ya mafundi simu itatosha.

Ukishasafisha na bado inachemka, mwambie fundi abadilishe ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na alumini. Baada ya miaka hukauka na kupasuka. Kinachohitajika ni tone dogo tu, na la zamani lifutwe kwanza. Halafu hamishia kompyuta nyumbani. Hesabu za mashine si lazima zikae ndani ya banda la mashine.

Kuhusu ile taa ya Caps Lock, umefanya vizuri kuitazama, na wasomaji wengine waige. Kompyuta ikisimama, bonyeza Caps Lock. Taa ikiwaka na kuzimika, mashine iko hai na ni programu moja tu iliyokwama: bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, fungua orodha ya programu zinazofanya kazi, uifunge hiyo yenye ukaidi. Taa ikikataa kugeuka, mara nyingi shida iko chini zaidi, kwenye joto, umeme, RAM au diski, na hapo kupiga window ni kumlipa mtu akupake rangi ukuta wakati paa linavuja.

Kama fundi wako atabisha, mwambie akuletee Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya window, kwenye flashi. Inawaka kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa window wala mafaili yako. Itumie mchana kutwa. Ikiganda nayo saa saba, window haina kosa, na fundi akurudishie hela.

*

Shangazi shikamoo. Mimi ni dada wa steshenari karibu na stendi ya Misuna. Kompyuta ya bosi ina RAM ya GB 2. Siku za kawaida inakwenda. Siku za mwisho za kuomba mkopo wa chuo, au ajira zikitangazwa, foleni inafika nje, kila mtu na flashi yake, ndipo inaganda. Nabofya, nabofya, wapi. Wateja wanasema sijui kazi. Nilishaweka antivirusi mbili ili nijilinde zaidi.
Naona Aibu, Misuna

Marahaba mwanangu. Anza kwa kutoa antivirusi moja. Kila faili unalofungua linakamatwa na zote mbili, kila moja inataka kulikagua kabla ya mwenzake, na wakati mwingine zinakaguana zenyewe. Kwenye GB 2 hiyo ni vita ndani ya chumba kimoja. Kama ni Windows 10, ina ulinzi wake tayari ndani. Moja inatosha, mradi uisasishe.

Pili, siku hizo za foleni kompyuta yako haijaganda, imejaa. Hapo una kivinjari chenye kurasa kumi za maombi, una Word, una skana, una printa. RAM ikijaa, mashine huanza kuhamishia kazi kwenye diski na kuzirudisha, na diski ya kuzunguka ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM. Utaijua hali hiyo kwa taa ndogo ya diski kwenye sipiyu: inawaka mfululizo bila kupepesa. Taa ikiwa hivyo, toa mkono kwenye mausi. Kila bofyo la ziada ni kazi nyingine unayoiweka kwenye foleni, na wewe unajua foleni ni nini. Funga kurasa za mteja aliyeondoka. Punguza programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka. Nyingi ziliingia na vitu vya bure na hakuna anayezihitaji.

Bosi wako mwambie haya mawili. RAM iongezwe ifike GB 4, na diski ya kuzunguka itolewe iwekwe SSD. Hakuna matengenezo mengine yanayobadilisha mashine ya zamani kuliko hilo la SSD, na hata kama kompyuta itakufa baadaye, diski hiyo itahamia kwenye nyingine. Ila asinunue RAM kwa kukisia. DDR2 haiingii kwenye nafasi ya DDR3, pengo lao halikai mahali pamoja, na nimeshaona mtu akiikandamiza kwa dole gumba mpaka bodi ikapasuka. Achomoe iliyopo aende nayo dukani. Na kama window ni ya biti 32, zaidi ya GB 4 hataiona, atakuwa amenunua pambo.

Zile flashi za wateja ambazo mafolda yote yamegeuka shotikati: usimwambie mtu CV yake imepotea, na usifomati. Kirusi hicho kwa kawaida huficha mafolda halisi na kuacha vivuli vyake. Kagua flashi kwa antivirusi, ruhusu kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, utayakuta humo humo. Nimesikia kuna steshenari zinazotoza kwa "kufufua" mafaili ambayo hayakufa. Wewe usiwe mmoja wao.

*

Shangazi, yangu ikiganda naipiga kofi la ubavuni inaamka. Niendelee?
Mkono Mwepesi, Shelui

Acha. Ikiamka kwa kofi, ndani kuna waya wa diski au RAM iliyolegea. Zima, chomoa umeme, toa RAM, sugua miguu yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, futa unga wote, irudishe mpaka ibane. Bana na nyaya za diski. Ukiendelea na kofi utaiua diski, ambayo wakati unapiga inazunguka mara 7,200 kwa dakika.

*

Dada Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nilisomea ualimu Kinampanda. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika kwenye kompyuta historia ya ukoo wetu na ya shule nilizofundisha, pamoja na maneno ya wazee ambao sasa wengi wametangulia. Mwezi huu kompyuta imeanza sauti ya tik, tik, tik kutoka ndani, kisha inasimama kama dakika nzima, kisha inaendelea. Mafaili mengine yanagoma kufunguka. Kijana wa jirani anataka apige window, baada ya hapo aifanyie diski uchunguzi. Nimkabidhi?
Mwalimu, Kiomboi

Shikamoo Mwalimu. Usimkabidhi. Kaizime sasa hivi, halafu urudi umalizie kusoma.

Hiyo sauti ni ya diski. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka kwa kasi na kichwa cha kusomea kinachoelea juu ya sahani bila kuzigusa, kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Sehemu ya sahani ikiharibika, kichwa kinajaribu kusoma, kinashindwa, kinarudi, kinajaribu tena. Tik ndiyo hiyo. Wakati kinahangaika, kompyuta nzima inakingoja, nawe unaona imeganda. Diski ya namna hiyo inaweza kuishi mwezi, inaweza isimalize leo, na kila saa unayoiwasha bila sababu unaipunguzia.

Kwa hiyo kuiwasha kwako kunakofuata kuwe kwa kazi moja: kunakili. Tafuta kwanza diski ya nje au flashi kubwa iliyo nzima. Ukiwasha, usifungue nyimbo, usisome gazeti. Anza na yale ambayo hakuna anayeweza kuyaandika tena, yaani maneno ya wazee. Zifuate picha, kisha nyaraka za kiserikali ambazo nakala zake ziko ofisini. Filamu na kwaya ziwe za mwisho, na zikipotea usilie. Nakili kidogo kidogo, faili kwa faili. Ukiburuta folda zima, faili moja bovu litakwamisha mengine yote. Lililogoma liruke, utalirudia mwisho.

Kijana wa jirani ana nia njema, lakini mpango wake wote ni hatari kwako. Kupiga window ni kuandika maelfu ya mafaili mapya juu ya diski inayokufa, na baadhi yataangukia pale pale yalipo yako. Ule uchunguzi wa diski nao unailazimisha isome kila kona, na katika "kutengeneza" unaweza kukata vipande vya mafaili ambavyo bado vingeokolewa. Yote hayo yanafanyika baada ya kunakili, si kabla. Wengine watakushauri uiweke diski kwenye friji. Ikitoka humo inatoa jasho kama chupa ya soda, na maji hayo yanamalizikia kwenye sahani.

Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa, bado usikate tamaa. Diski inachomolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine kwa waya maalumu wa USB, kazi ambayo fundi wa maana pale Singida mjini ataifanya ukiwa umekaa. Nasema ukiwa umekaa, Mwalimu. Usiiache ukaenda kunywa chai. Picha za familia yako si mali ya fundi, na nchi sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini sheria hukuta picha zimeshasambaa. Jicho lako linawahi.

Ukifanikiwa, nakala ziwe mbili na zisilale nyumba moja. Moja mpe mtoto aliyeko Dodoma au Arusha. Na yale maneno ya wazee, yachapishe kwenye karatasi.

*

Shangazi, nimepakana na kijana wa kuchomelea mageti. Akianza kazi taa zangu zinafifia na kompyuta inaganda au inajizima na kuwaka. Kila asubuhi inaniambia ni mwaka 2009. Tena nikigusa boksi kwa mkono nasikia linanitekenya.
Abiria wa 2009, Itigi

Una magonjwa matatu, na ulio rahisi ndio unaokuchekesha. Kwenye bodi kuna betri bapa ya duara, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na tarehe umeme usipokuwepo. Imekwisha. Nunua nyingine, uweke tarehe. Kwa mwaka 2009 kivinjari kitakukatalia tovuti nyingi, kikidhani vyeti vyao vya usalama havijaanza kazi.

Kutekenywa hakuchekeshi. Umeme kidogo unavujia kwenye chuma cha boksi kwa sababu soketi zako hazina waya wa kwenda ardhini, au upo umekatika. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na mpaka aje, watoto wasiguse hiyo kompyuta.

La kuchomelea ni la volti. Umeme wetu ni volti 230; mashine ya kuchomelea ikivuta, kwako zinashuka, na pawa saplai iliyozeeka haiwezi kuvumilia. Nunua UPS yenye uwezo wa kurekebisha volti. Betri ya UPS kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, baada ya hapo unalinda kompyuta kwa boksi tupu, kwa hiyo iulize umri kabla ya kununua iliyotumika. Kaombe TANESCO waangalie kama wewe na kijana mnaweza kutenganishwa fezi.

Ukifungua mfuniko, tazama vile vimitungi vidogo vilivyosimama kwenye bodi, kapasita. Vichwa vyake viwe bapa. Vilivyovimba au kutoa ute wa kahawia vimekufa, na kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliugua hivyo dunia nzima. Pawa saplai yenyewe usiifungue, inatunza umeme hata ikiwa imechomolewa. Na kama mashine yako ilitoka Marekani, tafuta nyuma swichi ndogo nyekundu. Kwa hapa lazima isomeke 230. Ikisomeka 115 ukawasha, hutaniandikia tena kuhusu kuganda.

*

Shangazi, mume wangu ana Pentium 4 yenye Windows XP. Inaganda, anaingoja, anaisifia. Mimi nasema iende stoo. Yeye anasema haijaisha. Tuamulie.
Mke wa Pili baada ya Kompyuta, Unyankindi

Hatimaye barua ya ndoa. Mwanangu, nchi hii yenyewe imegombana na kompyuta na kupatana nazo. Serikali ilikuwa na ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Mumeo si wa kwanza kuwa na msimamo.

Lakini ukweli ni huu. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenu haitapokea Windows 11, na Linux nyingi za sasa zimeacha kutengenezwa kwa prosesa za biti 32. Pentium 4 nyingi zinakula kati ya wati 50 na 115 kwa prosesa peke yake, kabla hujahesabu kioo. Yule anayenunua LUKU ndiye awe na kauli.

Hukumu: ikate intaneti leo, na masuala ya benki, M-Pesa na barua pepe yasipite humo. Isafisheni vumbi, mnakili picha zote za harusi. Abaki nayo kwa kuchapa barua na kusikiliza nyimbo zake za zamani. Siku pawa saplai au bodi ikifa, asitengeneze. Hela hiyo itiwe kwenye laptopu iliyotumika yenye SSD. Asiposikia, niandikie tena, safari hii kwa safu ya kawaida.

Na wengine wote mnaotaka kuandika: semeni inaganda saa ngapi, mkiwa mnafanya nini, taa ya diski ikoje na Caps Lock inasemaje. Barua inayosema "inaganda tu" nitaikabidhi kwa fundi wa kupiga window.